Kipilefti cha Mkono wa Kulia

Alhamisi, Kibagabaga hapa Kigali, katikati ya Novemba. Mvua ya tangu alfajiri imekatika sasa hivi, na bati la jikoni bado linadondosha matone. Moyo wangu nao una matone yake.

Nimefeli tena.

Naandika haya nikiwa nimekalia ndoo ya mafuta ya kupikia niliyoigeuza juu chini, simu mkononi, mgongo ukutani. Ningekaa sebuleni kama watu wengine wenye nyumba zao, lakini sebuleni yuko shemeji Damaseni, kaka mkubwa wa mume wangu. Kochi langu ni kitanda chake. Mto wa maua niliodarizi kwa mkono wangu ni mto wake. Kuhusu rimoti ya televisheni, wacha ninyamaze.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Napika sambusa, chapati na mandazi, na kila asubuhi vinakwenda Masoro, kwenye kantini ya kiwanda kimoja, watu wa zamu ya asubuhi wanywe chai kabla ya kuingia kazini. Vinakwenda kwa guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo nyuma. Guta ni letu, mimi na mume wangu Faustini. Ila Faustini analinda hoteli moja kule Kiyovu usiku kucha, mchana analala, na isitoshe ni mtu anayeogopa chombo chochote kisicho na mlango. Mimi guta ninaliweza tangu usichana wangu, lakini leseni sina. Leseni anayo shemeji, aliyewahi kuendesha pikipiki za abiria hapa mjini.

Kwa hiyo aliitwa. Alikuja na begi moja la bluu. Aje wiki mbili tatu, tulisema, mpaka Mama Ineza apate leseni yake. Ineza ni binti yetu, yuko shule ya bweni. Alipoondoka kwenda shule shemeji alikuwa mgeni. Alivyorudi likizo alimkuta shemeji ndiye anayemwambia mgeni akae wapi.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliosema hivyo hawakuwa na shemeji wa Kinyarwanda.

Huku mgeni haambiwi aondoke. Anaondoka mwenyewe, siku moyo wake utakapomwambia, na wewe unamsindikiza hadi barabarani ukimsihi abaki. Mimi nimekulia Tanzania, Karagwe, lakini katika jambo hili wazazi wangu walinilea Kinyarwanda kabisa. Faustini ndiyo usiseme. Nikimgusia, anageukia ukutani na kusema, "Ni kaka yangu. Nimwambie nini?" Kisha anakoroma, au anajifanya kukoroma. Baada ya miaka yote hii bado sijajua kutofautisha.

Kwa hiyo mlango ni mmoja tu. Siku nikipata leseni, sababu ya shemeji kukaa hapa inakwisha yenyewe, bila mtu kutamka neno, bila mtu kuvunjiwa heshima. Anakunja shuka, anachukua begi lake la bluu, namsindikiza, namsihi abaki, hanisikii. Nimeshaiota siku hiyo mara nyingi kiasi kwamba najua hata kitenge nitakachovaa.

Na si suala la kochi peke yake. Jumatatu mama wa kantini alinishika mkono, akanivuta pembeni. Shemeji alikuwa amechelewa tena. Yeye hulala mpaka jua lipate nguvu, na ukimwamsha anasema anakuja, na anakuja kweli, baada ya kunyoa ndevu na kunywa chai na kusikiliza habari.

"Mama Ineza," mama wa kantini aliniambia, "watu iko naingia kazini na njaa. Mandazi iko nafika wakati zamu imeshaingia, nani atakula? Ikiendelea hivi nitatafuta mwingine. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Ningekuwa yeye ningeshatafuta mwingine zamani. Niliyemkasirikia alikuwa nje, ameegemea guta langu, anakula sambusa yangu.

Kwa hiyo leo nilikwenda kwenye majaribio nikijua ninachokwenda kutafuta. Sikwenda kutafuta kadi yenye picha yangu. Nilikwenda kutafuta asubuhi zangu.

Sheria yenyewe siilaumu. Barabara za hapa ni milima na makona, mtu asiyejua akiachiwa chombo ataua. Shida yangu na sheria ni ndogo: inamjua vizuri mtu wa magurudumu mawili, na inamjua vizuri mtu wa magurudumu manne, na mimi nina matatu. Nilipokwenda kujiandikisha niliulizwa, hiyo yako ni pikipiki au ni gari? Nikasema ni katikati. Walicheka, wakaniweka kwa watu wa pikipiki, na toka siku hiyo mimi ndiye ninayefika na kitu kipana kwenye foleni ya vitu vyembamba, huku vijana wakinipisha kana kwamba nimeleta ng'ombe.

Halafu kuna hili la mwanafunzi. Mwalimu wetu wa darasani alituambia mwenye kibali cha muda asiingie barabarani peke yake, awe na mtu mwenye leseni kamili karibu yake, na asibebe mzigo wa biashara. Vizuri. Lakini guta lina tandiko moja tu la kukalia. Karibu yake ni wapi? Basi tulivyokuwa tunafanya mazoezi, shemeji alikuwa anapanda nyuma kwenye sanduku, anakaa juu ya kreti tupu, ameshika vyuma kwa mikono miwili, ananifokea maelekezo kisogoni. Kibagabaga nzima imetuona. Kuna mama jirani alimuuliza Faustini kama kaka yake anauzwa.

Jaribio la kwanza nilifelia mlimani. Unatakiwa usimame katikati ya mwinuko, halafu uondoke bila kurudi nyuma. Nilirudi nyuma. Kidogo tu, lakini kidogo kinahesabika.

La pili nilifelia kwenye koni, na hilo lina mkono wa shemeji ndani yake. Yeye ni mtu wa pikipiki, alinifundisha kulala na kona. "Rara nayo, mama! Rara nayo!" alikuwa anapiga kelele kutoka sandukuni. Pikipiki inalala, ndiyo. Guta halilali. Guta linakaa wima, wewe ndiye unayetakiwa kuegemeza mwili ndani ya kona ili gurudumu la ndani lisinyanyuke. Nililiinamisha kama pikipiki, gurudumu likanyanyuka, koni mbili zikalala chali. Simsingizii kwamba alifanya makusudi. Alinifundisha anachokijua. Lakini hata aliyekufundisha vibaya kwa moyo mweupe, bado anakula chapati zako.

Leo ilikuwa mara ya tatu. Na leo nilikuwa naweza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba nilikuwa naweza.

Lakini kabla sijasimulia, lazima nieleze kitu kuhusu mikono yangu.

Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa pande zake kirahisi: mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Sasa mimi chakula nilikuwa nakula na ule mwingine. Kwa hiyo kwangu kulia kulikuwa kushoto, kushoto kulikuwa sijui wapi, na shuleni nilichapwa kwa kosa ambalo sikulielewa mpaka wakanihamisha mkono kwa nguvu. Kuandika nikahamia kulia, kukanda unga nikahamia kulia. Pande hazikuhamia popote. Ziliendelea kuchanganyika kichwani.

Baba yangu alikuwa anasambaza soda kwa guta, kutoka Kayanga mjini kwenda kwenye maduka ya vijijini. Nilipomaliza shule alianza kunifundisha kuliendesha, na siku ya kwanza tu akagundua kwamba akisema kushoto namwangalia usoni kwanza. Hakunigombeza. Alivua saa yake, akanifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale juu ya kiganja. Ilikuwa inapwaya, akachoma msumari kwenye jiko la mkaa akatoboa mkanda tundu jipya.

"Sahau kulia, sahau kushoto," akasema. "Wewe shika upande wa saa."

Basi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza barabara. Lori likija mbele, baba alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma kwenye kreti, "Upande wa saa, mama!" na mimi naangalia mkono, nalivuta guta kuelekea saa, tunapita salama. Mara moja moja tuliteremka Bukoba, na huko ndiko nilikokutana na kipilefti, ule mduara wa katikati ya makutano ambao magari yanauzunguka. Kipilefti, upande wa saa. Neno lenyewe limebeba amri tumboni, maana waliotuletea walikuwa wanasema tu kwa Kiingereza keep left, shika kushoto, sisi tukadhani ndilo jina la mduara. Lakini nani huwa anasikiliza tumbo la neno? Kwetu kilikuwa kipilefti, na mikono ilijua pa kwenda.

Baba amezikwa Kayanga. Saa ninayo. Sijawahi kuivua isipokuwa nikikanda unga.

Sasa Kigali barabara inashikwa kulia. Watu waliorudi kutoka Tanzania na Uganda wanajua ninachosema: wiki za kwanza unavuka barabara ukitazama upande usio na gari, na wenye magari wanakuombea kwa sauti. Mimi nilijifunza upya. Nilijifunza kwa Kinyarwanda, kwa maneno mapya ambayo hayakuwa na historia mwilini mwangu. Mduara huku unaitwa rompuwe. Mtu akisema rompuwe, mimi naingia kulia vizuri kabisa, nazunguka, natoka. Neno hilo halina baba ndani yake.

Haya, sasa leo.

Mtahini alikuwa mtu wa makamo, mpole, koti la mvua limemfika magotini. Alinipa maelekezo kwa Kinyarwanda na mimi nikamjibu kwa Kinyarwanda. Mlimani niliondoka bila kurudi hata unywele. Kwenye koni niliegemeza mwili wangu ndani na guta likakaa wima, gurudumu la ndani likibusu lami. Kurudi nyuma ndani ya mistari, ambako ndiko wenye guta wengi hulia, niliingia kama droo ya kabati. Nilipozima, pumzi ikanitoka, na pamoja na pumzi yakatoka maneno mawili ambayo sikuyapanga.

"Asante Mungu."

Kwa Kiswahili.

Mtahini alikunjua uso wote. "Eh! Mama, kumbe wewe umekuria Tanzania?"

Nikasema ndiyo, Karagwe.

"Mimi nirikaa Mwanza! Nirisoma pare miaka mingi. Siku hizi sipati mutu wa kuongea naye Kiswahili, rwose, kabisa." Alikuwa na furaha ya kweli, kama mtu aliyepata chumvi baada ya kula bila chumvi muda mrefu. Akanionyesha na kalamu mwisho wa uwanja, ulipo mduara mdogo uliozungushiwa matairi yaliyopakwa rangi nyeupe. "Umebakisha kidogo sana. Enda mpaka kwa kipirefti, zunguka, toka njia ya tatu, rudi hapa. Basi."

Kipirefti. Aliitamka kwa r, kwa upendo.

Nilitia gia. Nakumbuka nilikuwa natabasamu. Nakumbuka niliwaza, huyu mtu ni mwema, Mungu ameniletea mtu wa nyumbani siku ya leo. Mvua ilikuwa nyepesi. Mduara ukanijia na mimi sikufikiri kitu chochote kwa sababu hapakuwa na kitu cha kufikiri, nilikuwa nyumbani, mwili wangu ulikuwa umesikia nyumbani. Nikaangalia saa. Nikalivuta guta upande wa saa.

Niliingia kushoto.

Gari la mwanafunzi mwingine lilikuwa linakuja kwa mbele, likizunguka kama inavyotakiwa. Lilifunga breki. Mimi nilifunga breki. Tukatazamana kupitia kioo chake kilicholowa mvua, yeye msichana mdogo mwenye macho makubwa, mimi mtu mzima niliyekuja kwenye mduara kinyume na dunia. Hakuna aliyegongwa. Filimbi ilipigwa.

Mtahini alikuja mbio, koti linampiga magotini. "Mama, ni nini? Ulikuwa umefanya vizuri yote!" Alikuwa na huzuni kuliko mimi. Nilitaka kumwambia, ni neno lako, mzee wangu, ungesema rompuwe. Lakini unamwambiaje mtu kwamba wema wake ndio uliokufelisha? Nikasema nimechanganyikiwa. Akaandika alichotakiwa kuandika. Kuingia kinyume ni kufeli, hakuna majadiliano, na yeye ni mtu wa haki.

"Ihangane, mama," akaniambia. Vumilia. Kwa Kinyarwanda tena. Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha hamu.

Nafasi ya karibu ya kurudia ni Februari. Kibali changu cha muda kinaisha kabla ya Pasaka. Nikifeli Februari, naanza upya na mtihani wa darasani, alama za barabarani, kila kitu.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye uzio, ameona yote. Nilitegemea anicheke, na ningependa anicheke, ningekuwa na mahali pa kuelekeza hasira. Hakucheka.

"Usirie, mama. Reseni haikimbie, iko pare pare," akasema. "Mimi niko."

Mimi niko. Maneno mazuri hayo, kwa mtu mwingine, siku nyingine.

Halafu akapanda kwenye tandiko, na mimi, kwa kuwa mwenye leseni ni yeye na tandiko ni moja, nikapanda nyuma kwenye sanduku. Nikakaa juu ya kreti. Mvua ikaongezeka. Sanduku lile linanuka mafuta ya sambusa zangu mwenyewe, na nimebebwa humo kupita nusu ya Kigali nikiwa nimeshika vyuma kwa mikono miwili, mimi mzigo wa biashara yangu. Kwenye taa nyekundu watu wa mabasi walinitazama. Nililia, na mvua ilinisitiri, hilo nalo niliseme. Mbele yangu shemeji alikuwa anapiga mluzi.

Ni mluzi uliofanya nielewe. Mtu mwenye huzuni hapigi mluzi, wala mtu mwenye furaha mbaya hapigi mluzi wa namna ile. Ulikuwa mluzi wa mtu aliyepumua. Asubuhi ya leo Damaseni alikuwa amefunga zipu ya begi lake la bluu na kuliweka mlangoni. Niliona, nikafurahi, sikujiuliza zaidi. Alikuwa amejiandaa kuondoka. Na sasa ananirudisha nyumbani anapiga mluzi, kwa sababu hana pa kwenda. Nadhani hana. Mkewe yuko Kampala na jina lake halitajwi hapa ndani. Kumbe kila ninapoingia uwanjani pale, tunaingia wawili, na mmoja akifaulu mwingine anafeli.

Nikamwonea huruma kuanzia taa ya pili mpaka nyumbani kwetu.

Haikudumu.

Tulipofika nilibadilisha nguo, nikaingia jikoni, nikawasha jiko. Faustini alikuwa ameamka, akaniangalia usoni, akajua. Alinishika bega. Akasema Februari si mbali. Akavaa sare yake akaenda Kiyovu kulinda mali ya watu, na mimi nikabaki kuilinda yangu.

Muda si mrefu shemeji akatokea kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ameshika koti lake, lile la kijivu analovaa kwenda kanisani, limekunjamana kwa kukaa kwenye begi mwaka mzima.

"Mama Ineza," akasema kwa adabu sana, "uko na musumari?"

Nikamuuliza wa nini.

"Nitundike koti. Pale juu ya kochi ukuta iko muzuri. Nirikuwa naogopa kusumbua, lakini sasa, si nakaa kidogo tena?"

Msumari. Kwenye ukuta wangu. Ukuta niliochagua rangi yake mwenyewe.

Mgeni asiye na msumari bado ni mgeni. Anaishi ndani ya begi lake, na begi lina mguu mmoja nje. Mtu akishapigilia msumari, huyo amehamia. Nilijua hivyo, na nadhani naye alijua, ndiyo maana alikuwa anatazama sakafu. Ulimi wangu ulikuwa na sentensi nzima tayari, imepangwa vizuri, imeiva. Na mkono wangu ukafungua droo ya vijiko ukatoa msumari, ukamkabidhi, pamoja na mchi wa kinu maana nyundo hatuna. Kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.

"Murakoze cyane," akasema. Asante sana.

Sasa hivi ninavyoandika, anapigilia. Nausikia ukuta.

Nimekaa hapa kwenye ndoo nikijihesabu nilivyobanwa. Nimebanwa na kochi, na adabu, na Februari. Nimebanwa na guta langu mwenyewe ambalo siruhusiwi kulipeleka hata Masoro. Lakini vyote hivyo ni vya nje. Kilichonibana kabisa kabisa kiko ndani ya mkono, na nimekiweka mimi, na ninakipenda. Nifanyeje? Nimsahau baba ili nipite mduara wa matairi? Kila nikijifunza kulia, nafanya kana kwamba namtoa marehemu kwenye kreti, namteremsha barabarani, naondoka. Nadhani ndiyo maana sijawahi kujifunza mpaka mwisho. Kinyarwanda changu kilishika kulia. Kiswahili changu kilibaki Kayanga, pembeni yake.

Nimeandika sentensi hiyo, nikasimama kwenda kukanda unga wa kesho, maana unga haungoji mtu aache kulia. Nikavua saa kama kawaida, nikaiweka dirishani. Nimekanda, nimefunika, nimenawa. Nimeichukua saa kuivaa tena.

Na hapo ndipo niliposikia alichokuwa akisema baba.

Baba hakuniambia hata mara moja nishike kushoto. Nimepekua kumbukumbu yote, lori kwa lori, kona kwa kona. Hakuwahi kulitamka neno hilo, kwa sababu alijua kwangu halina maana. Alisema sahau kulia, sahau kushoto. Alisema shika upande wa saa.

Nimeivaa mkono wa kulia.

Inabana. Mkono huu ndio wa kukandia unga, umenenepa kuliko mwenzake, na tundu la baba haliutoshi. Nimechukua msumari mwingine kwenye droo, nimeuchoma kwenye mkaa, nimetoboa tundu jipya kando ya lake. Bado inabana kidogo. Acha ibane, nitajua iko wapi.

Kisha nimetoka uani kabla giza halijaingia, nikaweka beseni katikati ya uwanja uliolowa. Mama jirani alikuwa anaanua nguo zake, akaacha kuanua. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikashika usukani ambao haupo, na nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili mwili wote usikie:

"Kipilefti."

Miguu yangu ilisita. Nikaangalia saa. Nikaenda upande wake, kulia, nikalizunguka beseni zima bila kuligusa, nikatoka ya tatu, mbele ya banda la kuni. Nikasema tena, nikazunguka tena. Jirani alinong'ona, "Mana yanjye," Mungu wangu, na akaingia ndani na nguo nusu.

Kesho alfajiri shemeji ataamka kabla ya jua, hata kama itanibidi nimgongee mfuniko wa sufuria sikioni, na mandazi yatawahi zamu. Hilo ni langu. Beseni nalo litakaa uani mpaka Februari, na atakayeuliza nitamwambia ni la mvua.

Sebuleni kumenyamaza. Msumari umeingia. Nimechungulia: koti limetundikwa vizuri, limenyooka, na yeye amelala chini yake mikono kifuani.

Ni msumari tu. Unaoingia hutoka.